Ng'ombe wa Waslavi Ana Lafudhi ya Kigeni

Hapa Kakuma kuna Mzee mmoja aliyesoma Moscow ujanani, kwenye kile chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, baada ya Lumumba kuuawa. Hapendi jina lake liandikwe jaridani, basi nitamwita Mzee tu. Wanaomjua wameshamjua. Alipokimbia Uvira aliacha nyumba, shahada na picha za harusi. Alichovuka nacho ziwa ni kitabu kimoja chembamba cha Kirusi, na sababu ya kukichukua hicho na kuacha shahada hajaweza kunieleza hadi leo. Anasema kilikuwa karibu na mlango.

Kitabu ni cha Oleg Trubachev, kilichapishwa Moscow mwaka uleule wa 1960, mwandishi akiwa kijana wa miaka kama 30. Kwa Kiswahili jina lake lingekuwa Asili ya Majina ya Wanyama wa Kufugwa katika Lugha za Kislavi. Najua mtacheka. Chakula kimepunguzwa, maji yanakuja kwa zamu, halafu mwalimu wa Kiswahili anakaa kuandika uhakiki wa kitabu kuhusu ng'ombe wa Warusi! Ngojeni nieleze.

Mwaka juzi niliitwa kwenye mahojiano, ofisi siitaji. Afisa akauliza kupitia kwa mkalimani: nyumbani kwenu mlifuga nini? Nikasema kuku, mbuzi wawili, na nyau. Mkalimani akasita kidogo. Afisa akaandika. Baadaye nikaambiwa kwamba "nyau" ni neno la Kenya, kwamba mtu wa Uvira angesema paka, na kwa hiyo kuna swali kuhusu mahali nilipotoka. Faili langu likalala miezi saba. Jamani, nimekaa kambini miaka kumi na mmoja. Wanangu wawili wamezaliwa hapa. Paka wa nyumbani kwangu anaitwa nyau na majirani wote, Msomali, Mrundi, Msudani, na ukimwita paka hata shingo hageuzi.

Nilipomweleza Mzee hakunipa pole. Aliingia ndani akatoka na kitabu. "Binti yangu," akasema, "humu hamna hata ng'ombe mmoja ambaye angepita mahojiano yako."

Ndivyo tulivyoanza. Alasiri baada ya alasiri yeye anasoma Kirusi, anatafsiri kwa Kiswahili chetu cha Kivu kilichochanganyika na Kifaransa, na mimi naandika kwenye daftari. Pale kitabu kilipotuishia tulitumia kamusi ya Max Vasmer, ambayo Mzee ameiweka kwenye simu. Huyo nitamrudia.

Tuanze na ng'ombe, maana ndiye shahidi mkubwa. Warusi humwita korova, Wapolandi krowa, Wacheki na Waserbia krava, ingawa Wacheki huvuta sauti zaidi. Ni neno moja lililoenea kote waliko Waslavi, kwa hiyo walikuwa nalo kabla hawajatawanyika, yaani kabla ya karne ya 6, walipoanza kuandikwa na Wabizanti kama watu wanaovuka mto Danube. Maana yake ya mwanzo ni mwenye pembe. Shina hilohilo ndilo lililozaa cervus ya Kilatini, yule paa mkubwa wa Ulaya mwenye pembe za matawi.

Sasa hapa pana fundo. Lugha za Kislavi zina sheria ya zamani sana: sauti fulani ya k, ile iliyotamkwa laini mbele ya kinywa, kwao iligeuka s. Mia moja, ambayo Warumi waliiita centum wakiitamka kwa k, kwa Warusi ni sto. Na kutoka kwenye shina hilohilo la pembe, Waslavi wana srna, paa mdogo wa msituni. Paa ametii sheria. Ng'ombe hakutii. Alipaswa kuanza na s, yeye anaanza na k! Wapo wataalamu wanaosema aliingia na jina lake kutoka kwa majirani wa magharibi, Wakelti pengine, maana Wawelsh hadi leo wana carw kwa paa wa pembe za matawi. Wengine wanasema hapana, k ilikazwa na r iliyoifuata, mambo yakaisha humohumo ndani. Ubishi haujafungwa, na kitabu kilicho mikononi mwa Mzee ni sehemu ya ubishi huo.

Lakini tazama kinachobishaniwa. Hakuna mnyama aliye wa nyumbani kwa Mslavi kuliko korova. Ndiye maziwa, ndiye samli, ndiye mahari ya binti wa mkulima. Na ndiye anayesimama mlangoni na lafudhi isiyo ya pale. Angeulizwa jina lake chumbani akajibu kwa k, afisa angeandika: si Mslavi, anadai tu.

Hapa ndipo ninapomsifu Trubachev bila kubana. Haridhiki na sauti peke yake. Anataka kujua mnyama alifugwa kwa kazi gani, nani alikuwa jirani, jina lilipita kwa mkono gani. Neno kwake ni kama mbuzi wa sokoni: ana rangi yake, lakini pia ana alama ya kila mtu aliyewahi kumfunga kamba. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sikuwahi kuwaeleza watoto hivyo. Niliwaambia tu "farasi" limetoka Kiarabu, "ng'ombe" ni la Kibantu, andikeni, kesho mtihani.

Fahali nampitia haraka, ila nisiache jambo moja. Byk, fahali, wengi wanaamini limetokana na mlio wenyewe, ule mvumo wa chini wa mnyama mkubwa. Na nyuki kwa Kirusi ni pchela, zamani bchela, nalo limetoka kwenye mvumo huohuo. Basi fahali na nyuki ni ndugu. Mwanangu wa pili alifurahi sana, akazunguka nyumba siku nzima akivuma.

Farasi ana majina mawili kwa Warusi. Kon ni la zamani, la Waslavi wote. Loshad limetoka kwa watu wa nyika waliosema lugha za jamii ya Kituruki, kwao alasha. Sasa sikiliza linavyojitokeza kwenye maandishi. Katika kitabu cha kale cha matukio ya Kiev, chini ya mwaka 1103, mtawala Vladimir Monomakh anabishana na wenzake kama waende vitani majira ya kulima. Wenzake wanasema tutawaua farasi wa wakulima. Yeye anawashangaa: mnamhurumia farasi, na mkulima mwenyewe je? Ataanza kulima, atakuja Mpolovtsi ampige mshale, achukue farasi, kisha aingie kijijini achukue mke na watoto. Na farasi anayelalamikiwa hapo ni loshad. Hao Wapolovtsi nao walisema lugha ya jamii ya Kituruki. Yaani jina la farasi wa mkulima limetoka upande uleule anakotoka anayekuja kumpora.

Tulipofika hapo Mzee alifunga kitabu, tukanywa chai. Sisi wa kutoka Uvira na Fizi hatuhitaji maelezo marefu. Maneno mengi ya soko tumeyapata kwa majirani ambao miaka mingine tumekimbiana nao. Neno limebaki mdomoni, na hakuna anayelitema kwa hasira.

Mbwa ndiye aliyetugombanisha. Waslavi wote wana pes. Warusi na majirani zao wa mashariki wana pia sobaka, na leo kwa Mrusi hilo ndilo la kawaida. Limetoka wapi? Maelezo ya siku nyingi ni kwamba lilitoka kwa watu wa lugha za Kiajemi waliotawala nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Ushahidi wake ni mtamu. Herodotus, akisimulia utoto wa mfalme Koreshi, anasema mama aliyemlea aliitwa Spako, kwa sababu Wamedi humwita mbwa spaka. Neno liko pale, limeandikwa karne ya 5 kabla ya Kristo. Trubachev analikataa. Anasema sobaka limetokana na neno la Kituruki la mbwa, köbek.

Mimi siafiki. Sauti ya kwanza hailingani. Ili k ya Kituruki iwe s ya Kirusi inabidi upitie hatua ambazo huwezi kumwonyesha mtu njiani. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo kwenye insha ningemzungushia duara la wino mwekundu. Mzee anamtetea. Anasema: kama neno lilitoka kwa watu wa Kiajemi, hao walikuwepo nyikani mapema, Waslavi wakiwa bado pamoja. Mbona basi halipo kwa Wabulgaria wala Wacheki? Kuwa mashariki tu kunaonyesha lilichelewa kuingia, na waliochelewa kuja ni Waturuki. Ni hoja nzito, nakiri. Lakini si kila anayekaa kwenye boma moja ana jirani yuleyule. Wa upande wa mto wana wao, wa upande wa barabara wana wao. Waslavi wa mashariki wangeweza kulipokea peke yao.

Ninachomlaumu Trubachev hapa si kukosea. Namlaumu kwa haraka ya kutafuta mlango mmoja. Pale alipomwacha ng'ombe apite mikono mingi, kitabu kinapumua. Kwa mbwa anataka jibu moja, limetoka huku, basi. Anageuka afisa.

Ngamia kwangu ndiye moyo wa habari hii yote. Mnajua hapa kwetu wanapita. Asubuhi moja tukiwa tunasoma walipita kama ishirini na watoto wa Kiturkana nyuma yao, na Mzee akaelekeza kidole: "Verblyud!" Watoto wakacheka. Kwao ni ekaal.

Verblyud ya Kirusi, wielbłąd ya Kipolandi, zote zimetoka kwenye neno moja la zamani, velbond hivi kwa matamshi. Waslavi walilipata kwa Wagothi, watu wa jamii ya Wajerumani. Kwa Kigothi ngamia ni ulbandus. Tunalijua kwa sababu askofu wao Wulfila alitafsiri Biblia karne ya 4, na pale Marko anapoeleza vazi la Yohana Mbatizaji lililofumwa kwa singa za ngamia, ndilo neno alilotumia. Sasa Wagothi na ngamia wapi na wapi? Wengi wanalifuata neno hilo hadi kwa Wagiriki na Warumi, na huko linakotoka si ngamia. Ni elephas, tembo! Mnyama mkubwa wa mbali ambaye hawajamwona alibeba jina la mnyama mwingine mkubwa wa mbali ambaye pia hawajamwona. Waslavi walipolipokea nao wakalitengeneza: sehemu ya kwanza wakaisikia kama "kubwa", ya pili kama "kutangatanga". Mkubwa anayetangatanga. Kwa ngamia halikumkaa vibaya.

Na tembo mwenyewe? Kwa Kirusi ni slon, kwa Kipolandi słoń. Maelezo yanayotajwa mara nyingi ni kwamba limetokana na arslan la Kituruki, na arslan ni simba. Halafu watu wakalifananisha na neno lao la kuegemea, kwa sababu Ulaya ya zamani waliamini tembo hana magoti na hulala ameegemea mti. Hebu wazia hiyo foleni: ngamia ana kadi ya tembo, tembo huenda ana kadi ya simba, na wote wameishi na kadi hizo zaidi ya miaka elfu bila mtu kukosa kujua ni mnyama gani anayezungumziwa. Sisi nasi tunaye tembo mnyama na tembo ya mnazi, na sijasikia mtu aliyemimina mnyama kwenye kata.

Kuhusu Wulfila niongeze kitu, maana Mzee hakukijua nami nilikuwa nimekisoma zamani kwenye vitabu vya seminari. Ukoo wake haukuwa wa Kigothi kwa asili. Ulitokana na Wakristo wa Kapadokia, Uturuki ya leo, waliotekwa na Wagothi na kuchukuliwa mateka. Karne ya 4 hiyohiyo, Wakristo wa Kigothi walipoteswa, aliwavusha mto Danube kuingia upande wa Warumi, wakapewa mahali pa kukaa. Basi neno la ngamia linalotumiwa na watoto wa Moscow tunalisoma kwanza kwa mkono wa mjukuu wa mateka, kiongozi wa wakimbizi.

Dubu hayumo kitabuni kwa sababu hafugwi, na hapo ndipo tulipomgeukia Vasmer. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1886 katika familia ya Kijerumani. Kamusi yake ya asili ya maneno ya Kirusi aliianza mwaka 1938. Januari 1944, Berlin, bomu lilichoma kadi zake zote alizoandika kwa mkono, pamoja na maktaba yake. Alianza upya. Kamusi ikatoka Heidelberg kati ya 1950 na 1958, na aliyeitafsiri kwa Kirusi na kuiongezea maelezo ni Trubachev huyuhuyu, majuzuu manne, 1964 hadi 1973. Mzee akinionyesha hilo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka hakusema kitu, na mimi sikumuuliza kuhusu shahada.

Dubu kwa Kirusi ni medved. Maana yake mla asali. Jina lake halisi, lile ambalo Wagiriki walilitunza kama arktos na Warumi kama ursus, Waslavi hawana tena. Mfaransa Antoine Meillet alieleza mwaka 1906 kwamba lilipotea kwa sababu ya mwiko: wawindaji waliogopa kulitamka msituni, mwenyewe asije akasikia akaitika. Baada ya vizazi vingi, jina la kukwepa likawa ndilo jina. Maana ya mla asali ikasahaulika, watu wakadhani ni mjuzi wa asali, na Waukraine wakaligeuza mbele nyuma likawa vedmid. Na kwa kuwa sasa medved lilikuwa jina kamili, nalo likaanza kuogopwa! Wakulima wa Kirusi wakasema "mwenyewe", "bwana", "yule wa miguu iliyopinda". Jina la kujificha likahitaji maficho.

Nyoka ni hivyohivyo: zmeya, kutoka kwenye neno la ardhi. Yule wa chini. Bibi yangu usiku hakusema nyoka, alisema kamba. "Kuna kamba karibu na mtungi, lete taa." Sikujua kwamba kule kwenye theluji kuna bibi mwingine aliyekuwa akifanya kazi hiyohiyo. Wabulgaria humwita kicheche nevestulka, bibi harusi mdogo, ili afurahi asile kuku. Ni kumbembeleza.

Hapa niseme jambo kwa ndugu zetu wa mashirika, maana najua mnasoma jarida hili. Jirani yangu alipoulizwa ni kundi gani lililochoma kijiji chao, alisema "wale wa msituni". Akaulizwa tena: jina. Akasema "wale". Ikaandikwa kwamba hawezi kutambua waliomshambulia. Anawatambua. Anajua hata mmoja wao alisoma shule gani. Lakini kwa miaka sita kijijini kwao jina lile halikutamkwa jua likishazama, na mwishowe halikutamkwa mchana pia. Mla asali.

Na kuna upande wa pili, wa kumtumia mnyama kama ngao. Vuk kwa Kiserbia ni mbwa mwitu, na ni jina la mtu. Vuk Karadžić, aliyetunga kamusi ya Kiserbia, alieleza mwenyewe humo: mama akifiwa na watoto mfululizo, anayezaliwa baadaye huitwa Vuk, kwa sababu wachawi wanaokula watoto hawathubutu kumgusa mbwa mwitu. Wazazi wake walikuwa wamefiwa kabla yake. Uasi wa Waserbia dhidi ya Waturuki uliposambaratika mwaka 1813 alikimbilia Vienna, na huko ndiko ilikotoka kamusi yake ya mwaka 1818 yenye maneno zaidi ya 26,000. Jirani yangu Mkamba anayeuza mboga getini ananiambia kwao mtoto wa namna hiyo huitwa Mbiti, fisi.

Sasa nirudi kwenye kitabu, maana huu ni uhakiki. Nimekiona kina kasoro mbili. Ya kwanza nimeitaja, ile haraka ya mbwa. Ya pili ni kubwa zaidi, na si ya Trubachev peke yake, ni ya fani nzima. Neno "asili" linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja na hakuna anayeliambia lichague. Asili ya neno sobaka ni njia lililopitia. Lakini msomaji anaposikia "asili" anasikia damu, anasikia mwenyewe halali ni nani. Trubachev hasemi hivyo. Anafuata njia tu. Ila hasimami hata mara moja kumwambia msomaji: ndugu, njia ya neno na ukoo wa mtu anayelisema ni vitu viwili. Mwaka 1960 pengine aliona halihitaji kusemwa. Kwenye chumba nilichokaa mimi lilihitaji.

Si mimi wa kwanza kuliona. Ndugu zetu Wabajuni, waliotoka visiwa vya kusini mwa Somalia tangu vita vya 1991, wengi wao kesi zao Ulaya zimeamuliwa kwa Kibajuni chao: unasema hivi, basi wewe ni wa Somalia, unasema vile, wewe ni wa Kenya. Kama kwamba samaki na mashua zao zilijua mpaka uko wapi! Mwaka 2004 wanaisimu wa nchi kadhaa waliandika mwongozo kuhusu uchunguzi wa lugha katika kesi za wakimbizi. Walisema lugha inaweza kuonyesha mtu alikulia na kuishi miongoni mwa watu gani, ila haiamui uraia wake, na kazi hiyo ifanywe na wenye ujuzi. Hawakusema lugha haina ushahidi. Nami sisemi hivyo. Neno "nyau" lilitoa ushahidi wa kweli kabisa: kwamba nimekaa na Wakenya miaka kumi na mmoja. Tatizo ni kwamba hilo halikuwa swali.

Mzee hakubaliani nami kwenye kasoro ya pili. Anasema namlaumu fundi wa saa kwa sababu kuna mtu aliyeitumia kama nyundo. Tumebishana hilo mara tatu na bado tunalo.

Basi nakipendekeza kitabu? Kwa anayesoma Kirusi, ndiyo, hasa kurasa za ng'ombe, na asome za mbwa akiwa na penseli mkononi. Kwa sisi wengine kuna Mzee, jioni baada ya mgao wa maji, akiwa hajachoka. Nendeni na majani ya chai. Kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa, kwa hiyo baadhi ya wanyama hatutawajua.

Mahojiano ya pili niliulizwa tena habari za mifugo. Nikasema kuku, mbuzi wawili, na paka. Nililitamka polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Afisa akaandika, mkalimani hakusita, faili likatembea. Niliporudi nyumbani nilimkuta mwenyewe amelala juu ya daftari, nikamwita kwa jina lake akaamka.